Kuchangisha fedha za viziwi Unguja na Pemba: tuanze wapi?

chuini_kwetu

Assalamu alaykum. Nimekabidhiwa kazi ya uchangishaji katika jumuiya ndogo ya viziwi hapa Unguja. Usajili tunao, akaunti ya benki tunayo, na kamati ipo, wengi wao viziwi wenyewe. Shughuli zetu ni tatu: darasa la lugha ya alama kwa wazazi wenye watoto viziwi, mkalimani wa kumsindikiza kiziwi hospitali, na betri za shime sikio (vifaa vya usikivu) kwa watoto wa skuli. Mwaka ujao tunataka milioni 12. Hadi sasa tunajua njia moja tu, barua kwa makampuni, na jibu ni lile lile: "tutawajulisheni."

Naomba wenye uzoefu mnieleze tunakosea wapi. Je, tuweke visanduku bandarini Malindi na Darajani? Zaka inafaa kwa kazi kama hizi? Na Pemba, ambako tuna wanachama wachache Wete na Micheweni, twende lini? Tafadhali nipeni mambo ya kufanya, dua mtatuombea baadae.

---

mshika_fedha_mkongwe

Waalaykum salaam. Barua hizo sijaziona lakini nakisia zilivyo: "tunaomba msaada wenu wa hali na mali." Anayeisoma hajui atoe ngapi wala kitafanyika nini. Milioni 12 ni hesabu yenu ya ndani, si ombi. Ombi ni kitu kimoja chenye bei yake.

Chukua darasa la wazazi. Mfano, vipindi viwili kwa wiki, saa 2 kila kipindi, wiki 12. Hizo ni saa 48. Ukimlipa mwalimu 15,000 kwa saa ni 720,000. Sasa nauli: wazazi 15, vipindi 24, 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Inatoka 720,000 vile vile. Yaani nauli peke yake ni sawa na malipo yote ya mwalimu, na ndiyo inayosahauliwa kwenye maombi karibu yote. Matokeo yake mwalimu analipwa, darasa linaanza na mama 15, wiki ya tano wamebaki 6, wote wa mtaa mmoja. Ongeza asilimia 10 ya chai, karatasi na makato ya miamala: jumla 1,584,000, ambayo ni 105,600 kwa kila mzazi. Basi barua iseme hivyo: laki moja na elfu tano na mia sita inamfunza mzazi mmoja kuzungumza na mwanawe. Mwenye duka la vitambaa anaweza kubeba mmoja, kampuni ikabeba 10. Fanyeni hivyo hivyo kwa mkalimani: safari moja ya hospitali, saa 4, na nauli yake. Viwango ni vyenu, mimi nimeweka vya mfano.

Wakati nao una hesabu yake. Makampuni mengi yanafunga mwaka Disemba, kwa hiyo bajeti ya misaada ya mwaka unaofuata inapangwa Oktoba na Novemba. Barua ya Machi inakuta pesa zishagaiwa. Taasisi za serikali mwaka wao unaanza 1 Julai, wafikieni miezi kadhaa kabla. Na mkitaka kuitumia Wiki ya Viziwi, ile ya mwisho wa Septemba inayobeba 23 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, barua zitoke Juni. Agosti mtapata fulana na maji ya chupa tu.

Visanduku: bandarini sikushaurini. Msafiri ana mzigo mkononi, mtoto mgongoni, tiketi mdomoni. Na ruhusa ya pale ni ya wenye bandari, haitoki kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Maduka yenye foleni ya kulipa ni bora zaidi. Kabla hamjaweka hata kimoja, nendeni kwa sheha na wilayani na barua yenye muhuri, nakala ya cheti cha usajili, majina ya wakusanyaji na tarehe ya kuanza na kumaliza. Wapo watu wanaozunguka na vikadi "mimi kiziwi nisaidie" ambao hawana jumuiya, na wengine wanasikia kuliko mimi. Askari akikukuteni bila ya karatasi mtawekwa fungu moja nao.

Kisanduku kiwe na namba, kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti. Kinafunguliwa mbele ya watu watatu, mmoja wao mwenye duka. Zinahesabiwa mara mbili, inaandikwa karatasi ya namba ya kisanduku, tarehe, jumla na saini tatu, na pesa zinaingia benki siku ya kazi inayofuata zikiwa kamili. Msilipe nauli kutoka humo hata shilingi. Jumuiya nyingi hazikuibiwa. Zilichota nauli mara mbili, hesabu haikukaa sawa tena, na maneno yakaanza mtaani.

Mchango wa simu upitie namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya. Ukitumia namba ya katibu, siku akihama au akigombana na kamati pesa zimehama naye. Kila mwisho wa mwezi chukueni taarifa ya miamala muilinganishe na daftari. Na jamani, ile hundi kubwa ya kadibodi ya kupigia picha haiingii benki. Msiiandike kwenye vitabu mpaka pesa zionekane kwenye akaunti.

---

talib_wa_fiqhi

Kuhusu zaka, kwa ufupi. Wanaostahiki ni wale wanane wa Surat Tawba aya ya 60, na kiziwi hatajwi kwa uziwi wake. Fukara na masikini ndio wanaotajwa. Kiziwi mwenye duka la simu na mali iliyofika kiwango ni mtoaji wa zaka kama mwengine yeyote. Kiwango kinachotumika sana ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikipitiwa na mwaka, na kinachotolewa ni moja ya arubaini: kwenye milioni 40 ni milioni 1.

Wanavyuoni wengi wanashurutisha zaka imilikishwe mwenye haki. Kwa hiyo betri na shime sikio akikabidhiwa mtoto wa familia masikini, vikawa mali yake, haina tatizo. Kodi ya ofisi, ukumbi, fulana na mshahara wa mchangishaji, hapo ndipo ilipo khitilafu, na salama ni kuvilipia kwa sadaka. Mkalimani naye nisingemuweka kwenye zaka bila ya kuuliza. Ulizeni Ofisi ya Mufti, na zungumzeni na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo inashughulika na zaka, muone utaratibu wao wa maombi.

La kiutendaji: muwe na akaunti mbili, au angalau madaftari mawili, na risiti za rangi mbili. Mtoaji akisema zaka apewe risiti ya zaka. Zikishachanganyika hamna namna ya kuzitenganisha, na mtoaji akijua harudi. Zaka ya fitri iacheni kabisa. Ile ni chakula, na lazima imfikie mwenye haki kabla ya sala ya Idi. Haigeuzwi betri.

Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, basi kalenda yenu msiinakili ya mwaka jana. Watu wanapiga hesabu za zaka Rajabu na Shaabani. Mkingoja kumi la mwisho la Ramadhani, wachangishaji wenzenu wote washapita.

---

fundi_wa_masikio

Nimeona neno betri nikaona nisipite. Hapo ndipo wachangishaji wengi wanapotoa ahadi wasiyoijua.

Betri za vifaa vya usikivu ni za zinki na hewa, na zinatambuliwa kwa rangi ya kibandiko: 312 kahawia, 13 rangi ya chungwa, 675 buluu. Ukinunua 13 kwa mtoto mwenye kifaa cha 675 umetupa pesa. Kwa hiyo kabla ya kuchangisha, tengenezeni orodha: jina la mtoto, sikio moja au mawili, aina ya kifaa, namba ya betri. Betri ya 13 kwa kifaa kinachovaliwa kutwa chukulia siku 10 hivi. Kwa mwaka ni betri 37 kwa sikio, 74 kwa masikio mawili, ambazo ni pakiti 13 za betri sita sita. Watoto 20 ni pakiti 260. Hiyo ndiyo namba ya kuomba. "Msaada wa betri" haumwambii mtoaji chochote.

Msipokee shehena ya miaka mitano. Betri hizi zina tarehe ya mwisho nyuma ya pakiti, na stoo yenye joto inazila kabla ya tarehe. Kuna wafadhili wanaotuma maboksi yaliyobakiwa na miezi mitatu. Soma tarehe kabla hujasema ahsante. Kibandiko kikishatolewa hewa imeingia na betri imeanza kazi, hata ukikirudishia haisimami. Mwalimu aelezwe: kitolewe siku ya kutumia, betri iachwe wazi dakika chache kama tano, ndipo itiwe ndani. Watoto wanapenda kuvichuna vibandiko vyote sita siku moja wakabandika kwenye daftari. Pakiti zikae kwa mwalimu, mtoto apewe mpya akirudisha ya zamani. Utaratibu huo pia unakuonesheni nani hakivai kifaa chake, kwa sababu betri zake hazimaliziki. Na betri zilizokwisha zikusanywe kwenye mkebe uliofungwa, mbali na wadogo. Ikimezwa ni hatari ya kwenda hospitali hapo hapo.

Sasa kubwa kuliko betri. Kifaa cha nyuma ya sikio kinafanya kazi kupitia moldi, kile kipande kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mtoto huyo mmoja. Sikio la mtoto linakua. Wa chini ya miaka mitano huhitaji moldi mpya mara kadhaa kwa mwaka, mkubwa kidogo karibu kila mwaka. Ikishalegea sauti inavuja, kifaa kinapiga mluzi, darasa zima linageuka, na mtoto anakivua. Mama anasema kimeharibika. Kifaa ni kizima, moldi ndiyo ndogo. Kuna pia kitubu cha plastiki kinachounga moldi na kifaa: baada ya miezi kadhaa kinakakamaa na kugeuka rangi ya manjano, nacho hubadilishwa.

Halafu hewa yetu. Unyevu wa chumvi na jasho vinakula vibati vinavyogusana na betri hadi vinaota kutu ya kijani. Kila mtoto apewe kijikopo chenye mfuniko na chembe za kunyonya unyevu, kifaa kilale humo usiku na mlango wa betri ukiwa wazi. Chembe zikibadilika rangi zimeshiba; zinakaushwa kwa moto mdogo na kutumika tena. Kijikopo hiki ni rahisi kuliko vyote katika orodha, na hakuna anayekiombea pesa.

Mfadhili akija kutaka "kambi ya siku moja, vifaa 200", muulizeni nani anapima, nani anafinyanga moldi, na nani atakuwepo miezi mitatu baadae. Kupima kunataka sikio lisafishwe nta kwanza, usaha utibiwe, na pawe kimya. Darasani chini ya mabati, watoto wanacheza nje na mvua ikipiga, mashine itasema kila mtu ni kiziwi. Mimi ningechukua vifaa 30 na ufuatiliaji wa mwaka mzima nikaziacha hizo 200. Na kwenye tangazo msiandike "atasikia tena". Mwenye upotevu mkubwa sana anaweza kupata mlio wa gari na mlango, asipate maneno. Huyo anahitaji lugha ya alama, na kifaa hakitaiziba nafasi yake.

---

mikono_yangu

Mimi ni kiziwi. Naongeza yale ambayo wanaosikia huwa hawayaoni.

Kwanza neno. Andikeni kiziwi, viziwi. "Bubu" futeni kwenye kila karatasi, hata kama mzee wa mtaa analitumia kwa mapenzi. Na picha ya mtoto anaelia na maandishi ya huruma haifai: inaleta pesa mara moja na inamuuza mtoto kwa mtaa mzima. Piga picha ya darasa, mikono ikizungumza. Ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi, na ikitafsiriwa kwa alama ikiwa mzazi naye ni kiziwi.

Pili, anayekwenda kuomba awe kiziwi, na mkalimani pembeni. Mkurugenzi atamtazama mkalimani na kumuuliza "huyu anasema nini?" Mkalimani asijibu kwa niaba, atafsiri swali kama lilivyo, nasi tujibu. Baada ya mara ya pili mkurugenzi mwenyewe anageuka. Miadi ombeni kwa ujumbe wa maandishi, na ujumbe useme mtakuja na mkalimani, la sivyo mlinzi wa getini atakurudisheni. Malipo ya mkalimani wa safari hizi yawe ndani ya bajeti ya uchangishaji. Akija bure mara tatu, ya nne ana kazi nyengine.

Tatu, hafla. Kikao kinachopita saa moja kinataka wakalimani wawili, wakibadilishana kila dakika 20 hivi, maana akili inachoka kabla ya mikono, na ikichoka anaanza kuruka maneno bila ya nyinyi kujua. Asimame karibu na mzungumzaji, mwanga umpige usoni. Nyuma yake pasiwe na dirisha wala kitambaa cha maua. Nguo iwe ya rangi moja inayoachana na rangi ya ngozi. Kwa sisi weusi, nyeusi tupu inameza mikono. Uso uwe wazi, kwa sababu nyusi, mashavu na mdomo ni sehemu ya sarufi yetu: ishara zile zile, nyusi zikipanda inakuwa swali. Bibi anayevaa nikabu na hataki kuivua anaweza kuwatafsiria wanawake peke yao, jukwaani wekeni mwengine.

Futari ndiyo inayoharibika zaidi. Wanapanga hotuba wakati watu wanakula. Kiziwi hawezi kutazama mikono na kuchambua mwiba wa samaki kwa pamoja. Akila hajui kilichosemwa, akitazama uji unapoa. Na mtu mwenye tambi mkononi hazungumzi! Kuleni kwanza, salini, kisha hotuba. Wakati wenyewe ni Magharibi, jua lishatua, umeme ukikatika mkutano wetu umekatika, nyinyi mnaendelea kusikilizana kizani. Taa mbili za kuchaji, zijaribiwe mchana.

Nne, taarifa kwa wanachama irekodiwe kwa vidio ya alama na itumwe kwa simu. Wengi wetu skuli hatukufaidi, Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili. Msichukue vidio ya nje mkaisambaza, lugha za alama zinatofautiana nchi na nchi, ya Marekani au Uingereza hapa haisomeki. Na baada ya kuchangisha, hesabu zisomwe kwa alama mbele ya viziwi wenyewe kabla hazijapelekwa kwa mfadhili. Pesa zimeombwa kwa jina letu.

---

karafuu_na_pilipili

Pemba: msije masika, msije mwezi wa kulipa ada. Njooni msimu wa karafuu ukishashika, watu washaanza kuuza vituoni. Lakini karafuu zina mwaka wake. Mwaka zikizaa sana, unaofuata mara nyingi huzaa kidogo. Ulizeni hali ya mikarafuu kabla ya kukata tiketi za boti. Anza kwa sheha, halafu imamu, na tangazo la msikitini baada ya Ijumaa liwe dakika mbili, lenye bei moja ya kitu kimoja. Mchango hapa mara nyengine unakuja kwa vitu: gunia la mpunga, mikungu ya ndizi, pishi za karafuu. Pokeeni, uzeni siku hiyo hiyo kwa risiti. Karafuu ziende kituo cha serikali tu. Kuziuza pembeni ni magendo, na jumuiya ya viziwi itatajwa kwenye kesi.

Micheweni kuna watoto ambao hawajaonana na kiziwi mwengine, nyumbani wanatumia alama zao wenyewe za kula, kulala, ng'ombe, baba. Mwalimu wa darasa lenu la alama akae wiki, asije asubuhi akaondoka jioni.

---

chuini_kwetu

Nimenakili yote, naanza na risiti za rangi mbili na orodha ya betri. Swali la mwisho: kuna hoteli mbili Paje na Jambiani zimekubali kusaidia. Wanataka tuweke chupa kubwa ya kioo mapokezi, wageni watie chenji. Tukubali?

---

mshika_fedha_mkongwe

Chupa itajaa haraka na utafurahi, mpaka uifungue. Nusu yake itakuwa sarafu za yuro na za nchi nyengine za wageni, na maduka ya kubadilisha fedha hapa hayachukui sarafu, noti tu. Hata noti: dola za matoleo ya zamani au iliyochanika pembeni inakataliwa, na dola moja moja inabadilishwa kwa bei ya chini kuliko ya hamsini au mia.

Waambieni hoteli waongeze pesa kidogo ya hiari kwenye bili ya mwisho ya mgeni, iandikwe wazi kwamba ni ya hiari na ni ya nini, na asiyetaka iondolewe bila maneno. Wao wanapokea kwa kadi, wanakulipeni kwa shilingi benki kila baada ya miezi mitatu pamoja na karatasi ya idadi ya wageni waliotoa. Miezi ya Aprili na Mei usiitegemee, hoteli nyengine zinafunga. Kama mgeni anataka kutuma kutoka kwao akisharudi, mwambie asitume dola 30 peke yake, benki za katikati zinakata ada njiani na inaweza kufika nusu. Akusanye na wenzake wakatuma mara moja.

Chupa ikishawekwa na huwezi kukataa, iandikieni "noti tu", na za sarafu mtafutie mfanyakazi wa hoteli anayesafiri au mgeni anayerudi Ulaya, azichukue kwa kuhesabiana mbele ya mapokezi na akuachie noti.